Orodha ya Saa Nne

Tangu saa nne asubuhi Bu Wuryani, yaani Mama Wuryani, hakuwa ameugusa ukurasa ule wa kompyuta. Jina la bintiye Kinanti lilikuwa la 209 kwenye orodha ya shule ya karibu na stesheni, na shule ilikuwa inachukua watoto 216. Yeye aliamini kwamba nafasi ikishakukubali huichokonoi. Basi alikaa na Kinanti mbele ya kompyuta, kwenye duka la intaneti la Mas Bagyo, yaani Kaka Bagyo, mikono mapajani, akiulinda ukurasa.

Mji mzima wa Kediri uliijua sheria. Akijiandikisha anayekaa karibu zaidi na shule, wa mbali husukumwa chini. Ukisukumwa nje, ujitoe haraka uombe shule nyingine kabla ya saa nane mchana. Ukijitoa na kumbe bado umo, nafasi umeitupa mwenyewe. Ukichelewa, mtoto hana shule ya serikali, na ada ya shule ya kulipia, muuza wali mjane kama yeye angeitoa wapi?

Saa saba na dakika arobaini Mas Bagyo alipita na glasi yake ya kahawa, akasimama nyuma yao.

"Bu, hii orodha ya saa ngapi?"

"Ya leo. Usinitie nuksi, Mas."

"Hapo chini imeandikwa saa nne na dakika kumi."

Kinanti akainama kusoma. Ni kweli. Bu Wuryani akafungua simu: 209. Akashusha pumzi.

"Simu nayo inasema hivyo hivyo."

"Na simuni uliufungua lini?"

"Asubuhi hiyo hiyo."

"Basi vyote viwili vinakupa kiporo, Bu. Tovuti imezidiwa na watu, kivinjari kinakutolea nakala kiliyojiwekea. Ngoja niifute hiyo akiba yake."

Bu Wuryani akamdaka mkono. "Ukifuta, si utamfuta na mtoto?"

"Mtoto hayumo humu, yumo kwenye mitambo ya wenyewe huko. Kila siku unanijazia pilipili bila huruma, leo unaogopa kitufe?"

Hakucheka. Aliogopa kwelikweli. Aliona jina likitoka kwenye kioo kile limetoka duniani.

"Mama, mwache afute," Kinanti akasema.

Bu Wuryani akauachia mkono. Mas Bagyo akafungua mipangilio, akaondoa tiki kwenye vidakuzi wasije wakatolewa kwenye akaunti, akaiacha tiki kwenye picha na faili zilizohifadhiwa, akabonyeza futa. Akauita ukurasa upya. Ukawa mweupe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka saa saba na dakika hamsini.

Orodha ikaja. Bu Wuryani akaanzia 209, akashuka kwa kidole. 212. 215. 216. Kinanti hayumo.

Alijichukia. Kwa muda wa saa tatu na ushei amekaa kulinda kitu ambacho hakipo.

"Nambari ya siri ya kujitoa, Bu. Upesi."

Karatasi yenye nambari ilikuwa kibindoni, akaanza kuitoa. Kinanti alikuwa ameikariri, akaiandika mwenyewe. Jitoe. Una uhakika? Ndiyo. Shule ya ng'ambo ya mto. Tuma. Kiduara kikaanza tena.

Saa saba na dakika hamsini na nane: umepokelewa, wa 140 kati ya 180.

Bu Wuryani akalia waziwazi, mbele za watu.

"Lete na simu niisafishe," Mas Bagyo akasema.

"Simu iache." Akaiweka kifuani. Marehemu mumewe alisoma pale karibu na stesheni, na kila wakipita alikuwa akimwonyesha Kinanti dirisha la darasa lake. Kwenye simu mtoto alikuwa bado wa 209, na mama hakuwa tayari kuufuta ukurasa huo.

Kinanti akaichukua taratibu mkononi mwake. Akafungua mipangilio, akafuata hatua zilezile alizoziona, akabonyeza futa. Orodha mpya ilipokuja akaishusha mpaka mwisho, mama naye akiangalia.

"Kesho tukaione hiyo ya ng'ambo," Kinanti akasema. "Utanionyesha mahali pa kupandia basi."