Jina la Marullus

Litugena alisaga kijiti cha dawa kavu ya macho, akaikoroga kwenye ute wa yai, akajipaka, akangoja kuwasha kupungue. Wafumaji wa mji wa Durocortorum huharibikiwa na macho mapema kwa moshi na vumbi la sufu, na dawa iliyosifiwa ni ya mwuza dawa Marullus. Kila kijiti kiligongwa jina lake kwa mhuri wa jiwe kikiwa bado kibichi, mtu asije akauziwa feki.

Kuwasha kulipopungua aliona uzi, akaona mkate, na juu ya mkate jina la Marullus. Lilikuwepo pia kwenye jagi la bia na kwenye paji la uso la bintiye, Banona.

“Na wewe unaliona?” alimuuliza jirani.

“Kila mahali, dada. Mpaka kwenye upara wa mume wangu. Utazoea.”

Akazoea.

Shida ilianza Marullus alipopungukiwa watu wa kumsagia dawa. Kutu ya shaba inayotiwa kwenye dawa hula mapafu, na wasichana wake hawakudumu. Alikuja kwa Litugena akasema chenye jina lake ni chake, Banona akiwemo. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliochosha zaidi.

Kesi ilipofika kwa hakimu, naye alikuwa mteja wa dawa hiyo. Alimtazama Banona. “Naliona, mama. Limekaa vizuri kabisa.”

Litugena akaomba muda, akaacha dawa. Ukungu ulirudi taratibu. Jina lilifutika kwenye mkate, kisha mkate wenyewe ukapotea, kisha Banona. Ndipo aliporudi kwa hakimu, ameshikwa mkono na bintiye, akampapasa paji la uso mbele ya watu wote.

“Hapa hapana kitu, mheshimiwa. Ni ngozi tu. Njoo ushike mwenyewe.”

Hakimu hakuinuka. “Mama, wewe huoni. Tuwaache wote hawa wenye macho, tumsikilize kipofu?”

Watu wakaguna kukubali. Hawakuwa waongo, walikuwa wanaliona kweli.

Banona alimrudisha mama yake nyumbani, akamsogezea mkate mkononi. Marullus alisubiri mlangoni kwa adabu. Kabla ya kuondoka na msichana alimpa Litugena dawa iliyokwisha kukorogwa, bure, ili apate kumwona mtoto akienda.

Litugena akajipaka. Alimwona Banona mpaka mwisho wa barabara, na kila alipogeuka nyuma, jina lilionekana wazi kwenye paji lake.