Flashi Nyekundu kwa Kinyozi

Wazazi wenzangu mnaoishi na vijana wa kazi za kompyuta, someni hili leo leo, msiliweke kiporo. Mimi mwenzenu yamenikuta.

Binti yangu ni mpiga picha. Wateja wake ni wanawake wajawazito wanaotaka kumbukumbu ya tumbo kabla mtoto hajatoka. Wanapigwa mlango umefungwa, pazia limeshushwa, tumbo liko wazi. Mmoja wao ni mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Mimba zake mbili zilitoka, na watu walimsema mpaka wakachoka wenyewe. Safari hii akavaa magauni mapana na kunyamaza. Alimshika binti yangu mkono mbele yangu, akamwambia, "Mdogo wangu, picha hizi asizione mtu mpaka mtoto alie. Hata walimu wenzangu hawajui."

Picha zikaingia kwenye flashi nyekundu. Sasa na mume wangu naye ana flashi nyekundu, ya nyimbo zake za zamani. Zilinunuliwa duka moja, utadhani mapacha. Tofauti ni kwamba ya mzee ina alama za meno, maana wimbo ukimkolea huitafuna.

Jumamosi asubuhi napepeta mchele, simu ikalia. Binti, yuko kazini.

"Mama, nimesahau flashi juu ya friji. Ipo?"

Nikaiendea. Ipo, nyekundu. Kuigeuza, meno!

"Mwanangu, hii ya baba yako."

"Na baba yuko wapi?"

"Kwa kinyozi. Kasema anawapelekea muziki."

Kwa kinyozi kuna runinga kubwa ukutani. Ukichomeka flashi ya picha inazionyesha yenyewe, moja baada ya nyingine. Na Jumamosi walimu wanaume wa ile shule wote wananyoa pale.

"Mama, nisikilize, usiogope, hiyo flashi nime..."

Nani wa kusikiliza! Simu niliitupa ndani ya ungo, nikatoka mbio. Ndala moja ikabaki mtaroni. Jirani yangu fundi cherehani akapaza sauti, "Mama, kuna moto?"

"Bora ungekuwa moto!"

Nafika mlangoni, wanaume wote wamenipa mgongo, macho ukutani. Kinyozi anasema, "Tulieni, inakuja, inakuja." Nikafumba macho, sikutaka hata mimi kuona. Nikapapasa ukuta, nikaushika ule waya mnene unaolisha kila kitu mle ndani, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Feni ikalegea. Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Runinga nyeusi tii.

"Shemeji!" kinyozi akaruka. "Vipi tena?"

Mwalimu mmoja kwenye kiti akajishika kichwa. "Nimenyolewa upande mmoja! Nitapita wapi na hiki kichwa?"

"Pita upande ulionyolewa," mwenzake akamwambia, wakaangua kicheko.

Mume wangu hakucheka. "Mama watoto, umeingiwa na nini? Nyimbo zangu!"

"Nyimbo zako ziko nyumbani, zimelowa mate! Hiyo ni ya binti yako!"

Alishtuka mpaka miwani ikamtoka. Kinyozi akaichomoa flashi, si kwenye runinga, bali kwenye kompyuta yake iliyounganishwa nayo. "Runinga iligoma kuisoma," akasema, "tukaihamishia huku. Ikaandika kwamba haijafomatiwa, je, niifomati? Mzee kasema fomati tu, nyimbo zingine zipo. Nilikuwa nabonyeza ndiyo, ukakata umeme." Ile kompyuta betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya.

"Kwani humo kuna nini, mama?" akauliza yule wa nusu kichwa.

"Kazi ya watu, na wewe humo humo."

Flashi niliibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Binti alinikuta huko, kaja na pikipiki, anahema. "Mama, nilikuwa nakwambia nimeifunga kwa neno la siri! Bila hilo neno, kila mashine inaiona kama flashi mbovu. Hakuna ambaye angeona kitu."

Nikashusha pumzi. Nikamweleza ya kufomati. Sasa akapauka yeye. "Mungu wangu. Hiyo ingefuta zote. Sina nakala."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaandika neno lake. Mimi nikageukia dirishani. Nikasikia kelele, "Zipo! Mama, zote zipo!" Tukarukaruka jikoni kama watoto, mchele ukatapakaa.

Ndiyo maana nawaonya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hili nimelielewa: kifaa kidogo kama kidole kinaweza kubeba siri ya mtu mzima, na kinapotea kama kifungo cha shati. Mwambieni kijana akifunge kwa neno la siri, akitie alama. Na nakala iwepo mahali pengine, nayo ifungwe vilevile, maana kufuli inazuia macho tu, haizuii mkono wa kufuta. Na nyie kina baba, flashi usiyoijua si ya kuchomeka!

Binti alimwendea mwalimu akamweleza yote, hakuficha. Nilihofu atachukia. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe ndiyo sababu mwenzangu alikuja Jumatatu na upara!"

Juzi mtoto kalia. Msichana, ana sauti hiyo! Mwalimu akaniita chumbani, mtoto kifuani, simu yenye zile picha mkononi. Nikafumba macho kwa mazoea.

"Mama, wewe uliyefumba macho," akasema, "fumbua sasa."

Nikafumbua.