Salamu za Bwana Viwanja

Redio ya mtaa pale Manzese ilikuwa chumba kimoja cha kupanga na ukumbi wake mdogo juu ya duka la vipuri, na Chausiku alikaa humo miaka kumi na miwili akisoma salamu. Watu walileta kadi asubuhi, naye akazisoma saa nne: fulani anamsalimu fulani, ujumbe wake kaza buti. Aliyesalimiwa sharti ajibu. Kusalimiwa mbele za watu ukanyamaza ni kiburi, na mwenye kiburi Manzese huzikwa na wachache. Hiyo ndiyo iliyokuwa redio yenyewe. Vipindi vya uzazi na usafi wa mitaro vilikuwa vya wafadhili, nao walipoondoka waliondoka navyo.

Leseni yao ilikuwa ya redio ya jamii, na masharti yake yaliwakataza matangazo ya biashara. Wakiyarusha, wanafungiwa. Wasipoyarusha, hawana cha kulipia umeme wala ada ya hiyo leseni, kwa hiyo wanajifunga wenyewe. Mwenye akili atuambie hapo mtu apite wapi. Augustine, meneja wao, alipita uchochoroni. Alimleta Edgar, kijana mtanashati aliyeuza viwanja Madale, wakapatana kwamba tangazo lake lisomwe kama salamu.

Edgar aliomba kitu kimoja tu, daftari la Chausiku lenye majina ya wasikilizaji wanaosalimiana kila siku. Chausiku alimpa. Hilo ndilo kosa lake, na hata leo ukimuuliza hakwepi.

Wiki iliyofuata akasoma, kwa sauti ileile watu waliyoizoea, kwamba Edgar wa viwanja Madale anamsalimu Bi Mwanakombo, mkaanga mihogo wa kituoni, na namba yake ni hii. Bi Mwanakombo akafuta mafuta mikononi, akapiga. Angeachaje kujibu? Simu ikazaa safari ya Madale, safari ikazaa karatasi yenye mhuri. Akiba ya miaka tisa ilikwenda kwenye kiwanja ambacho, siku alipopeleka mawe ya msingi, alikuta mwenye kiwanja halali ameshamwaga zege.

Alikuja studio Jumanne. Chausiku alimwamkia, akisubiri matusi. Angetukanwa, angepona. Bi Mwanakombo aliomba maji, akanywa, akaeleza kwamba polisi wameandika maelezo na kumwambia asubiri.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema. "Wenzangu walinikataza, mie nikawaambia redio yetu hainidanganyi. Ila kesho umtaje huyo mtu. Jirani yangu Tunu kasalimiwa juzi, anataka kuuza vyerehani vyake anunue kiwanja. Nimemwambia, hanisikii. Anasema mpaka akusikie wewe."

Chausiku aliahidi. Augustine alipoambiwa hakufoka. Alisema kumtaja Edgar ni kukiri kwamba salamu zile zilikuwa matangazo, na leseni ikienda, watu sita wanakwenda nayo, akiwemo Hija, fundi mitambo, ambaye mwanawe alikuwa wodini wiki ya tatu. Chausiku akajibu kwamba ameshaahidi. Augustine akasema sawa, akatoka. Chausiku alishangaa kidogo kuona imekuwa rahisi hivyo.

Kesho yake saa nne alifunga mlango, akafungua kipaza sauti, akasema yote. Alimtaja Edgar kwa jina. Akasema zile hazikuwa salamu, zililipiwa, na majina ya watu aliyatoa yeye kwa mkono wake. Akamwomba Tunu asiuze vyerehani. Alilia, wala hakujaribu kuficha kilio. Alipomaliza alijua ameiua redio, na roho yake ilikuwa imetulia kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bi Mwanakombo.

"Mwanangu, mie na Tunu tumekaa hapa toka saa nne kasoro. Redio inakwaruza tu. Mnaanza saa ngapi?"

Chausiku akafungua mlango. Hija alikuwa amesimama ukumbini kando ya mtambo wa kurushia, taa zake zote zimezimwa, na Augustine nyuma yake akitazama sakafu. Hija alimtazama Chausiku, macho mekundu ya mtu asiyelala nyumbani, kisha akaitazama ile simu sikioni mwake.

Hakuna aliyemnyang'anya simu. Maneno yalikuwa yaleyale, na Tunu alikuwa pale pale upande wa pili, sikio tayari. Lakini dakika tano zilizopita Chausiku aliyasema mbele ya ukuta, na sasa ilimpasa ayaseme mbele ya baba wa mgonjwa.

"Umeme, mama," alisema. "Umeme umekatika."