Ulanzi Ndani ya Rejeta

Alichokiona Fidelia kwanza asubuhi ile ni kibuyu. Maji yaliyolala nje kwenye beseni yalikuwa yameganda juu, utando mweupe mgumu, na kuku alikuwa akiugonga kwa mdomo bila kupata kitu. Lakini ulanzi aliokuja nao Shangazi Oktavia, pombe ya mianzi iliyolala papo hapo kando ya beseni, ulikuwa ukichezacheza ndani ya kibuyu kana kwamba baridi ya Njombe haiuhusu.

Ilikuwa Julai, enzi za Waingereza, mwezi ambao nyasi huamka nyeupe na watu husalimiana meno yakigongana. Siku ya pili yake walikuwa waende Makambako, kwa Mwinjilisti Lameki, kupeleka jibu. Yoeli, mwanawe Lameki, alikuwa ameleta posa. Kwa desturi, msichana huinama kimya na shangazi yake ndiye humjibia. Desturi hiyo ilimfaa sana Fidelia, aliyeacha shule darasa la tatu kwa kuona haya kuitika hata jina lake. Kilichomkosesha usingizi ni jambo moja tu. Lameki alikuwa ametangaza kwamba mke wa mwanawe hatatoka katika nyumba yenye pombe, hata kama posa imekwisha kupokelewa.

Hilo halikumtisha baba yake, Efraimu, aliyekuwa mzee wa kanisa. Yeye hofu yake ilikuwa gari. Alilinunua kuukuu kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na udereva alijifunza jeshini. Kutwa nzima aliliandaa kwa ajili ya baridi na utelezi kama mtu anayemwandaa bibi harusi. Alilifunika boneti blanketi. Alizungushia tairi kamba za katani ili zishike tope. Kisha akaanza kupakia magunia ya viazi kwenye buti.

"Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma," alieleza. "Nyuma kukiwa kwepesi, yatacheza ngoma palepale na sisi tumekaa."

"Basi mimi nitakaa nyuma, kaka," alisema Shangazi Oktavia. Yeye aliolewa kwa Wakatoliki wa misheni, wasioona pombe kuwa dhambi, na mambo ya Walutheri aliyatazama kwa huruma. "Mungu hakunipa mwili huu bure."

Efraimu aligonga boneti. "Lakini rejeta hii ya kupozea injini ndiyo inaniumiza kichwa. Maji yakiganda humu ndani usiku, yataipasua. Itabidi niyamwage jioni, na alfajiri mtu aamke achemshe mengine."

Fidelia alimvuta shangazi khanga, akamnong'oneza sikioni habari za kibuyu. Alizisema kwa sauti ndogo kabisa. Shangazi alizirudia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Kaka! Mtoto anasema ulanzi haugandi!"

"Pombe? Ndani ya gari la mzee wa kanisa?"

"Kwani gari limepata kipaimara?"

Efraimu alilitazama beseni. Alikitazama kibuyu. Alitazama huku na huku kama kuna jirani. "Nusu tu," alisema. "Nusu nyingine maji."

Shangazi ndiye aliyemimina, na nusu yake ilikuwa kubwa.

Alfajiri gari liliitika hendeli ya kuwashia mara ya kwanza. Efraimu alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akakumbuka kilichomo ndani, akaimalizia shukrani kwa kunong'ona.

Kwenye mlima wa kwanza ukungu ulikuwa umelainisha udongo, na gari likaanza kwenda upande kama kaa.

"Ruka, Fidelia!" alipiga kelele shangazi. "Ruka, tuyakandamize magurudumu!"

Wakaruka wote wawili kwenye kiti cha nyuma, kitako juu kitako chini. Viazi vilikoroma kwenye buti, kamba za katani zikashika, na gari likapanda huku Efraimu akiimba wimbo wa kanisa na shangazi akiuimba mwingine. Fidelia alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwahi kuruka tangu utotoni.

Jua lilipochomoza, rejeta ikapata moto. Kwanza ilikuja harufu. Kisha mvuke. Kisha, wakiingia Makambako, povu likaanza kutoka kwenye boneti, tamu na chachu, na mbuzi wawili wakalifuata gari.

"Endesha, kaka, usisimame!"

"Nisimame niseme nini?"

Mwinjilisti Lameki alikuwa uani amevaa koti lake jeusi, na Yoeli pembeni yake. Gari lilisimama mbele yao likikohoa na kutema povu.

"Kamwene!" Efraimu alisalimu kwa furaha iliyopita kiasi.

Lameki alinusa. "Efraimu, nani amelewa?"

"Gari," alijibu Efraimu.

Lameki alimkaribia. "Pumua."

Efraimu akapumua.

"Uji," alisema Lameki, akionekana kushangaa. Akamgeukia shangazi.

Shangazi Oktavia aliziba mdomo kwa khanga. "Mimi ni wa misheni," alisema kwa ndani, na kicheko kikampasuka. Alishika mlango wa gari, akajikunja, machozi yakimtoka. Ndiye aliyetakiwa kutoa jibu, naye hakuweza kutoa hata neno moja.

Lameki alikunja uso. Alimshika Yoeli bega amrudishe ndani, na Yoeli, aliyekuwa ameuma midomo asicheke, akageuka nyuma kumtazama Fidelia kwa macho ya mtu anayechukuliwa.

Hapo kicheko cha Fidelia kikatoka, kirefu, cha wazi, ambacho hata yeye mwenyewe hakukijua.

Lameki akasimama. Pembe za midomo yake zilikuwa zikitetemeka kwa kicheko alichokizuia. "Na wewe, binti, mbona unacheka? Umelewa?"

"Hapana, baba," alisema Fidelia, akainua uso. "Nimefurahi. Namtaka Yoeli."