Nani Apige Magoti

Luan alikuwa amekwisha kuungama kila kitu. Aliungama kwamba alimlaani mama mkwe wake moyoni, kwamba aliwahi kuokota yai la bata wa jirani akalichemsha, kwamba alisinzia siku ya kuwaombea wakubwa wa ukoo. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la uani, na pembeni yake binti yake Hui amelala mkekani, macho yamezama, hata kulia hawezi.

Mwalimu Geng, mganga mwenye kitambaa cha njano kichwani na fimbo ya mwanzi mkononi, akasema tena kwa upole ule ule wa kuchefua:

"Tafuta zaidi, Mama Hui. Mbingu haimgusi mtoto bure. Kuna dhambi umeificha."

Ndivyo walivyotibiwa watu wa kando ya Mto Njano miaka ile. Mgonjwa huungama, au mzazi wake ikiwa mgonjwa ni mtoto. Kisha mganga huchoma karatasi ya hirizi, majivu huyatia kwenye maji, na mgonjwa hunywa kombe hilo. Akipona, Mbingu imesamehe. Akifa, basi alificha jambo. Ding, mumewe Luan, alikufa hivyo majira ya baridi, na hakuna jirani hata mmoja aliyesindikiza jeneza lake. Nani amlilie mficha dhambi?

Sasa kombe la Hui lilikuwa tayari, na Geng amelishika tu, hampi.

Luan akapandwa na hasira.

"Sina nyingine! Nimejikung'uta kama gunia, hakuna kilichobaki. Unataka dhambi? Nenda kwa Bwana Pang, mkuu wa wilaya! Nani alibeba ulezi wetu wa mbegu? Nani alituacha tutafune magome ya miti? Mleteni yeye apige magoti, halafu tuone kama mtoto hataamka!"

"Nyamaza, we mwanamke!" mama mkwe akamkaripia. "Utatuchinjisha."

"Tumeshachinjwa, mama. Kisu tu ndicho hukukiona."

Diao mhunzi, mmoja wa majirani waliojaa uani, akacheka kicheko kibaya. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Mwenye kosa ndiye aungame. Sasa huyu unambana wa nini?"

Geng hakuwa tapeli. Afadhali angekuwa tapeli, angekuwa na jibu mfukoni. Yeye aliamini kila neno alilofundisha, kwa hiyo alisimama na bakuli lake akifikiri, na mwisho akasema, "Kweli. Mwenye kosa aungame."

Hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Watu waliokuwa wakiungama wizi wa mayai wakajifunga vitambaa vya njano kama cha Mwalimu, wakashika majembe, miundu na michi, na habari ikaenea vijiji vyote. Walinzi wa ghala la Bwana Pang walipoona vitambaa vya njano vimefurika barabarani kutoka kila kijiji, walitupa mikuki wakatimua mbio. Bwana Pang akaburutwa nje na joho lake la hariri, kiatu kimoja kimemtoka, akapigishwa magoti langoni.

Akaungama, tena kwa sauti. Akiambiwa aliiba, anasema aliiba. Akiambiwa aliua, aliua. Angeambiwa amelimeza jua angekubali.

Luan akamsogelea. "Ulezi wa Ding. Unaukumbuka?"

Pang akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, ulezi ni ulezi. Wa Ding nitaujuaje?"

Hilo ndilo lililomchoma. Mtu kafa, na aliyemuua hata jina lake halijui. Akamtemea mate usoni. Diao akavunja mlango wa ghala, uvundo ukawapiga puani: magunia ya mbele yameota ukungu, yameoza, na wao walikuwa wakila magome. Watu wazima walilia kwa ghadhabu. Pang alifanywa nini baada ya hapo sitasema, ila simwonei huruma.

Luan alichota ulezi ambao haujaoza kwenye magunia ya nyuma, akakimbia nyumbani. Geng akamfuata na kombe lake, umati nyuma yao. Hui akanyweshwa kombe kwanza. Wakangoja. Hakufumbua macho. Luan akawasukuma kando, akakoka moto, akapika uji mwepesi, akamlisha kwa ncha ya kidole, tone baada ya tone. Jua lilikuwa limeanza kushuka Hui alipomeza. Akameza tena. Kisha akafumbua macho, akanuna.

"Mama, ongeza."

Ua ukalipuka vifijo. "Pang kaungama! Mbingu imesamehe!" Geng akatokwa na machozi, akainua fimbo juu.

"Imesamehe nini?" Luan akapaza sauti. "Ni uji, Mwalimu! Mtoto alikuwa na njaa."

Vifijo vikafifia.

"Mama Hui, usikufuru. Leo ni siku ya..."

"Njaa! Na Ding naye alikuwa na njaa. Ukamwambia atafute dhambi. Alikata roho akitafuta, mwanamume ambaye hakuwahi kudhulumu hata kuku. Alikuwa ananiuliza mimi, 'Luan, nimekosa nini?' Sikuwa na la kumjibu. Wewe unalo?"

Nje ngoma za vijiji vingine zilikuwa zikimwita Geng awaongoze kwenda mjini kuwapigisha magoti wakubwa wengine. Watu walimtazama, na hakuna aliyemsaidia. Akaiweka fimbo chini polepole, akapiga magoti vumbini. Yeye aliyefundisha bonde zima kuungama hakujua pa kuanzia.

"Anza na Ding," Luan akamwambia.