Mvua Siku ya Arusi ya Sihaba

...na mstari huu wa nywele usipinde, Mwanvita alikuwa akijiambia, usipinde hata kidogo, maana wakwe wana macho, na kichwa cha bibi arusi hutazamwa kabla ya hina na kabla ya kanga ya kisutu, mara likadondoka tone juu ya makuti, akajisemea ni kunazi hilo, upepo umelitupa, lakini likafuata jingine, na jingine, na upepo ukasukuma mlango wa uani ukagonga ukuta, vidole vyake vikasimama ndani ya nywele za mwanawe kama vya mtu aliyeitwa jina... Sihaba, aliyekaa mkekani katikati ya magoti ya mama yake, hakugeuka, alijua, mtoto huyu amejua tangu hajaota meno, mvua ikija watu hukimbilia ndani, mama yake hukimbilia nje, akasimame kando ya kisima alowe chepechepe, macho amelikodolea paa mpaka mvua ikatike, Mwanamvua, ndivyo mtaa mzima wa Dunda ulivyomwita, Mwanamvua huyoo katoka... "Mama," Sihaba alisema kwa sauti ya chini, "ukitaka kutoka, toka tu, mimi nitakungoja," na upole ule ulimchoma kuliko kebehi zote za mtaani, maana leo si siku ya kutoka, leo pale kitandani amekaa Bi Ashatu, shangazi yake bwana arusi Bwanausi, mgeni aliyefika jana peke yake kutoka Mapinga na hajui lolote la mvua, na wale wa kwanza waliokuja kumposa Sihaba walimwona uani analowa, wakageuza njia, wakasema pepo hurithiwa, binti hufuata mama, Sihaba akalia akiwa amegeukia ukutani ili asisikiwe, lakini alisikiwa... "Mwenzangu, usije ukamsuka ule mtindo wa twende kilioni," Bi Ashatu alikuwa akisema huku akicheka, "arusi hii, si msiba," kilioni, kwa nini alitaje neno hilo leo, na mvua sasa imeshika, inanguruma juu ya makuti, na miguu ya Mwanvita imekwisha kuondoka, iko uani, kilichobaki ndani ni mikono tu, kaa, Mwanvita, kaa, boriti ni za mikoko, mumeo alizichagua moja moja, lakini zile nazo zilikuwa za mikoko, zile za nyumba ya zamani, mwaka wa kimbunga, mume yuko bara na msafara wa pembe, tumbo limekuwa kubwa hata kuinama shida, na dada yake Ashura amekuja kumwangalia, Ashura aliyesema upepo huu wa kawaida, mdogo wangu, lete kahawa tunywe, kisha minazi ikaanza kukatika kama mabua, kisha paa likashuka lote, boriti na makuti na udongo, giza, mchanga mdomoni, na mkono wa Ashura ukautafuta mkono wake ukaupata, "Usilale, mdogo wangu, ukilala umekwenda," akalisema tena na tena, sauti ikawa nyembamba, kisha mkono ule ukawa mkono tu... walimpigia ngoma baada ya hapo, walimnywesha kombe la aya, walimfunga hirizi, mganga wa Vigwaza alimfunika shuka akamfukiza ubani akamwuliza pepo jina lake, na yeye chini ya shuka akaona haya kwa kuwa hakuwa na jina la kutoa, kilichomkaa hakikuwa pepo, lilikuwa paa... "Una nini, mwenzangu?" hiyo ni sauti ya Bi Ashatu, inatoka mbali, na upepo ukalinyanyua kuti la ukingoni ukaliachia, takataka zikamwagika kichwani kwa Sihaba, vumbi, nyuzi kavu za makuti zimenasa katika nywele zilizokwisha pakwa mafuta, na vidole, bila kuulizwa, vikaanza kuzichambua, uzi huu, na huu, vuta, tupa, vuta, tupa, na hapo Mwanvita akavitazama, kwa kuwa vidole vilikuwa vikiijua kazi hii, vilikwisha ifanya, gizani, kuti baada ya kuti, vuta, sukuma nyuma, kucha zinang'oka, na tumboni mtoto anapiga teke, anapiga kama mwenye nyumba anayegonga afunguliwe, naye akimwambia ngoja, ngoja, nakuja, vuta, sukuma, mpaka mwanga ukaingia, mwembamba kama uzi, akaingiza mkono, akaingiza bega, akajipindua kwa ubavu asililalie tumbo... lakini si watu walisema wapagazi ndio waliomtoa? Wapagazi wa Kinyamwezi, ndivyo ilivyosimuliwa, walimtoa kifusini, masikini, na yeye akaipokea hadithi hiyo kama alivyopokea uji waliomnywesha, miaka yote hii amekuwa mtu aliyetolewa, mtu ambaye usingepita msafara angekuwa udongo, kumbe wapagazi walimkuta kisimani, amekaa, analowa, mikono inachuruzika damu, walimkuta nje, alikuwa amekwisha kuwa nje, hakutolewa, alitoka! Alitoka kwa vidole hivi, na tumbo lake, na mtoto wake ndani ya tumbo, na Ashura alisema usilale na yeye hakulala, sikulala, dada, unasikia, uliniachia neno moja nikalishika, na huyu hapa uliyekuja kumngoja, kichwa chake kiko magotini mwangu, leo anaolewa... na mvua ilikuwa ile ile, haikupungua, upepo ulilivuta paa na paa likalia, na Mwanvita akalitazama kutoka chini yake, wacha lilie, likitaka kushuka na lishuke, anamjua anayetoka, na miguu, ile iliyokuwa uani, ikarudi ikatulia mkekani, mizito na yenye joto. "Mama?" Sihaba alisema, mabega yamekakamaa, bado anangoja kuachwa. "Inamisha kichwa," Mwanvita akamwambia, "una makuti kisogoni." "Hutoki?" "Nilikwisha toka, mwanangu. Nilitoka nawe." Bi Ashatu akauliza kutoka wapi, mbona haelewi, watu wa Dunda mna maneno, na Mwanvita akamjibu kwa kigelegele, kirefu, kilichopanda juu ya ngurumo za mvua hata majirani waliojikunyata ndani wakakipokea, nyumba kwa nyumba, wakidhani bwana arusi amekwisha wasili, na Sihaba akacheka mpaka mstari ukapinda, ukapindika vibaya, naye mama yake akaufumua wote, akachovya vidole katika mafuta, akaanza upya.