Jiwe la Ikinga

Ketrina alitoka mtoni na ndoo kichwani, akamkuta mumewe nyuma ya ghala la kahawa, kifua wazi, ameinua gongo la mti juu ya kichwa. Upande mmoja wa gongo kulikuwa na gurudumu la toroli bovu. Upande wa pili kulikuwa na jiwe lake la kusagia, limetobolewa katikati.

Alitua ndoo, akalitazama lile tundu, na hasira zikampanda hadi masikio yakavuma. Jiwe lile alipewa na mama yake siku alipoolewa, akalibeba kichwani kutoka Ikinga hadi hapa Igamba, siku mbili za vilima. Kwao jiwe ni la mwanamke; mwanamume hata kulisogeza haruhusiwi. Na huyu kampelekea fundi wa patasi alitoboe kama shanga.

"Baba Tabita, umefanya nini?"

"Mazoezi," Zebedayo alisema akihema. "Boazi pale Mlowo anatutoza shilingi mbili kila mwezi kwenye klabu yake ya mazoezi, kisa ana vyuma alivyoleta kutoka migodini. Nimejitoa. Sasa nanyanyua vya kwangu, nyumbani kwangu."

"Vya kwako?"

"Mashine ya kusaga ipo, mama Tabita. Unga hautakosekana."

Looh, mtu mzima na ndevu zake! Anakwepa shilingi mbili za Boazi kwa kuharibu kitu kisichouzwa duka lolote, halafu anajibu kana kwamba amevunja kibuyu.

"Kesho tunakwenda Ikinga," Ketrina alisema. "Utalibeba wewe. Mama alione."

Zebedayo alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mkewe, akaanza kulichomoa jiwe kwenye gongo.

Walitembea siku mbili. Bwana misuli alipumzika kila kilima, shingo imekakamaa, na Ketrina hakumpokea hata mara moja. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angemweleza mama kila kitu, asimfiche chochote, na mama akimwambia abaki, atabaki.

Walipofika, Zebedayo alilitua jiwe kwenye migomba, akakaa hukohuko. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani. Kwa miaka kumi na mitano wawili hao walikuwa wamekwepana kwa adabu, kwa maana mama mkwe akimwita mkwewe amtazame machoni, ukwe umekwisha, na ndoa nayo imekwisha.

Ketrina aliliingiza jiwe ndani. Mama yake, bibi Nesta, alilipapasa taratibu. Kidole kikaingia tunduni, kikatulia humo.

"Nani?"

"Mume wangu." Maneno yote aliyoyapanga njiani yaliishia hapo.

Mama alikichomoa kidole.

"Mwite."

"Mama, ni mkweo."

"Najua ni nani. Miaka yote nimemstahi. Hili jiwe nilipewa na mama yangu, na mumeo hakunistahi. Mwite aje nimwangalie machoni."

Ketrina alisimama mlangoni. Kule migombani mumewe alikuwa amekaa chini akijikanda shingo, mgongo ameugeuzia nyumba, kama adabu inavyotaka. Hasira zake Ketrina zilikuwepo bado, hazijapungua hata chembe. Alifungua kinywa amwite, akakifunga tena.

"Unangoja nini?" mama aliuliza nyuma yake.